Mafundi wa gereji, acheni kushusha giaboksi za watu kabla hamjazisikiliza!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Naendesha kirikuu, Suzuki Carry ya gia za mkono, injini cc 660. Hiyo ndiyo inayotoa mboga Mlandizi na kuzishusha Mabibo, na hiyo ndiyo inayolipa ada za watoto. Siyo gari ya kwendea harusini. Ikilala gereji, nyanya za watu zinaoza na mteja anatafuta gari nyingine.

Tatizo lilikuwa hili. Ukiwasha, gia ikiwa free na mguu hauko kwenye klachi, kuna mngurumo mkavu unatokea chini ya gari. Ukikanyaga klachi mpaka mwisho, kimya. Ukiachia, unarudi. Gia zote zinaingia vizuri, hakuna inayokwaruza, hakuna inayoruka. Maelezo haya haya, neno kwa neno, ndiyo niliyompa fundi wa kwanza.

Hakuwasha hata gari. Wallahi hakuwasha! Aliinama, akachungulia kidogo, akajifuta mikono ambayo wala haikuwa imechafuka, akasema, "Hiyo rilisi beringi, bosi. Tunashusha, tunabadilisha na klachi pleti na presha pleti kabisa ili usirudi rudi."

Sasa nauliza mafundi mliomo humu. Rilisi beringi inabeba mzigo wakati gani? Si pale unapokanyaga pedali, inaposukumwa kwenye vidole vya presha pleti, ile inayobana klachi pleti? Ikiwa imekufa inapiga kelele UKIKANYAGA. Ya kwangu inalia nikiachia na inanyamaza nikikanyaga. Ni kinyume kabisa!

Gia ikiwa free na klachi imeachiwa, magurudumu yamesimama lakini ndani ya giaboksi hakujasimama. Injini inazungusha shafti ya kuingilia, nayo inazungusha shafti ya chini, muda wote. Ukikanyaga klachi umezitenga na injini, zinasimama, kelele inakata. Kwa hiyo kelele imo ndani ya giaboksi, na mtuhumiwa wa kwanza ni beringi ya mbele, ile iliyoshika shafti ya kuingilia. Baada ya hapo ndiyo unaziwazia beringi za shafti ya chini. Hapo hakuna kompyuta ya kupimia. Ni mguu wa kushoto na sikio tu.

(Wenye malori madogo ya Kenta na Hiace za dizeli msinirukie. Najua gari zenu nyingi zikiwa free zinagongagonga kidogo kwa sababu ya mapigo ya injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta, na siyo ugonjwa. Hii yangu haikuwa kugonga, ilikuwa kunguruma.)

Basi, ikashushwa. Na hapa ndipo uchungu ulipo. Gari hizi za kuvuta nyuma, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inachomoka mkiani mwa giaboksi, na ukiichomoa bila kuziba pale, oili inamwagika. Nilikuwa nimesimama pale pale, naiona inatiririka juu ya maboksi waliyotandika chini. Nikamuuliza, "Na hii oili?" Akanijibu, "Imebaki ya kutosha, bosi, usiwe na wasiwasi." Ya kutosha umeijuaje? Kipimo cha giaboksi ni tundu la ubavuni la kujazia: unafungua nati yake, gari ikiwa imekaa sawa, na oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa chini wa tundu. Ile nati haijaguswa tangu gari iingie pale. Ilikuwa na tope lake la Mlandizi lile lile.

Nikapewa gari ina klachi mpya na mngurumo ule ule. Baada ya muda mfupi ukazidi, na sasa unaeleweka kwa nini.

Fundi wa pili, huyu yeye aliwasha. Akasikiliza kwa muda wa kupiga chafya, kisha, "Giaboksi imekwisha hiyo. Haifunguliwi, utapoteza hela. Tafuta ya mtumba." Tukaenda Ilala, muuzaji akaapa imetoka Japani juzi, ikafungwa. Gari ikiwa free, kimya kabisa. Nikafurahi mpaka Kimara. Kule mlimani nikaweka gia ya tatu, ikalia! Ukikanyaga mafuta inalia kwa sauti nyembamba, ukiachia mafuta sauti inabadilika, ukiweka ya pili au ya nne hakuna kitu. Kelele ya gia moja tu maana yake ni meno ya gia hiyo au beringi yake ya sindano. Tulipomwaga oili ikatoka nzito, imevutika, siyo oili ya giaboksi ya daraja la 75W-90 hata kidogo. Ndiyo mchezo wao: wanajaza oili nzito ili kelele zifunikwe, ununue, uondoke. Asubuhi gia zinakuwa ngumu kwa sababu oili ile inachelewesha sinki, zile ringi zinazolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, kufanya kazi, wanakwambia "itazoea". Nimerudi dukani, jibu ni lile mnalolijua: kikishafungwa hakirudishwi.

Na huyo fundi wa pili alitaka kunisaidia eti "kuniondolea mzigo" wa giaboksi yangu ya zamani. Nikaikataza isiguswe. Nikaipakia nyuma na kuondoka nayo.

Fundi wa tatu ni mzee mmoja wa Mbezi ambaye kazi yake hasa ni Kenta. Shikamoo yangu haijamaliza kuitikiwa, ameshaingia kwenye gari. Nikamsimulia na ya giaboksi ya zamani, akaniuliza maswali kuliko daktari: ilikuwa inalia ukiachia au ukikanyaga? Ukikanyaga kidogo tu je? Ukikanyaga mpaka mwisho na ukaweka gia, gari imesimama, kuna kelele mpya? Hiyo ya mwisho sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu. Akanieleza kwamba hapo injini inazunguka na shafti ya giaboksi imesimama, kwa hiyo kama kuna kiberingi au bushi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, mahali shafti inapoegemea, ndipo itakapolia.

Akajaribu na rivasi. Unakanyaga klachi, unahesabu sekunde chache, ndiyo unaingiza. Rivasi ya magari mengi haina sinki, kwa hiyo ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri. Unaangalia waya wa klachi, au haidroliki kwa gari zenye haidroliki, kabla hujamwambia mtu wa watu kwamba sinki zimekwisha.

Halafu tukaingia barabarani na ile giaboksi ya mtumba. Gia moja baada ya nyingine, redio imezimwa, vioo vimefungwa. Mzee anasema kwenye giaboksi kama hizi za kuvuta nyuma, gia ya nne huwa ndiyo ya moja kwa moja: mzigo unapita shafti ya juu tupu, ile ya chini inazunguka bila kubeba kitu. Kelele ikiwa kwenye gia zote halafu ikapungua sana kwenye ya nne, shafti ya chini ndiyo ya kuulizwa, beringi zake au meno yake. Mwisho, kwenye tambarare isiyo na magari, akaweka free na kuiacha gari itambae huku injini ikiwa sailensa. Kelele inayobaki hapo na kufuata mwendo wa gari, waulize tairi, beringi za magurudumu, propela na viungo vyake vya krosi, au difu iliyo kati ya magurudumu ya nyuma. Ni watu wangapi wamefunguliwa giaboksi kwa ajili ya beringi ya gurudumu la nyuma?

Kazi yote hiyo haikufika hata muda wa kunywa chai na chapati. Hakuna bolti iliyoguswa.

Giaboksi yangu ya zamani ilipofunguliwa, sumaku ya nati ya chini ya kumwagia oili ilikuwa na uji wa kijivu, ambao mzee alisema ni wa kawaida, ila ndani ya uji kulikuwa na vipande vyembamba vya chuma, na hivyo siyo vya kawaida. Hakukuwa na chenga za rangi ya shaba, kwa hiyo sinki zilikuwa salama. Meno yote mazima. Beringi ya mbele ukiizungusha kwa kidole inakwamakwama, na njia ya gololi imechimbika vishimo. Beringi! Imeandikwa namba ubavuni, unaipata kwenye maduka ya beringi, na bei yake haifiki hata ufundi wa kushusha mara moja.

Angalieni hapo pia. Namba zile zina maana. 6205 kwa mfano ni milimita 25 kwa ndani, 52 kwa nje, unene 15. Ukiona NR imefuata nyuma ya namba, beringi ina mfereji na ringi ya kuizuia isitembee. Kijana aliyetumwa dukani alirudi na isiyo na mfereji, saizi ile ile, eti "zinafanana". Mzee akamrudisha kwa miguu. Nina uhakika wale wawili wa mwanzo wangeipigilia hivyo hivyo kwa nyundo na patasi, silikoni juu, kesi imekwisha.

Giaboksi yangu imerudi mahali pake na oili mpya mpaka mdomo wa tundu. Imenyamaza. Nimebaki na giaboksi ya mtumba yenye gia ya tatu inayoimba, na klachi mpya ambayo gari haikuwa imeiomba.

Sasa fundi wa kwanza ananipigia simu kila kukicha anadai salio la ufundi. Simlipi! Aanze kwa kunionyesha hiyo rilisi beringi mbovu aliyoitoa, maana mpaka leo sijaiona, na kila nikimuuliza ananiambia iko kwa kijana wake.