Grupu la WhatsApp, Telegram, Google au Teams: kikundi cha biashara Kigoma kitumie kipi?

DagaaMwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Kigoma mjini. Tunanunua dagaa Kibirizi na Katonga, tunakausha, tunafungasha na kupeleka Tabora, Dodoma na Dar. Mawese nayo tunayachukua vijijini. Kazi yote inaendeshwa kwenye grupu moja la WhatsApp: oda, bei ya siku, meseji za miamala, michango ya misiba, salamu za asubuhi, vyote humo humo.

Shida yenyewe ni hii. Mteja wa Tabora anaandika, "Nitumieni magunia manne kesho na basi la alfajiri." Chini yake watu watatu wanaweka dole gumba. Mmoja alimaanisha ameona, mwingine alimaanisha bei ni sawa, wa tatu akaamini wenzake wameshashughulikia. Kesho yake jioni mteja anapiga simu kuulizia mzigo ambao bado uko stoo. Na ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wanunuzi walikuwa wanauliza nani bado ana akiba, na jibu ilibidi litafutwe kwa kumpigia mtu mmoja mmoja.

Simu zetu nyingi ni Android za bei ya chini, laptopu zipo mbili, bando tunanunua la siku au la wiki. Hela ya kulipia programu kila mwezi inaweza kupatikana kidogo, lakini nataka kwanza niwasikie waliotumia. Tulinganishe kwa kazi halisi tafadhali, matangazo nimeshayasoma ya kutosha.

AsaliSikonge

Dada, pole na majukumu. Sisi huku Tabora tunakusanya asali kutoka kwa warinaji wa Sikonge na Uyui. Njia tuliyofikia ni WhatsApp kwa maongezi na Google kwa kumbukumbu. WhatsApp hatujaiacha, na sikushauri uiache, maana ndiyo ambayo kila mtu wako anaijua bila kufundishwa.

Mapokezi ya asali yanapita kwenye Google Forms. Fomu ina maswali matano tu: kijiji, mrinaji, kilo, unyevu na aliyepokea. Linki yake tumeibandika juu ya grupu. WhatsApp inabandika ujumbe kwa saa 24, siku 7 au siku 30, kwa hiyo katibu anaubandika upya kila mwezi. Anayejaza fomu, majibu yake yanajipanga yenyewe kwenye jedwali la Google Sheets. Swali la kilo tumeliwekea sharti la namba: mtu akiandika "ndoo tatu kasoro kidogo", fomu inagoma mpaka aweke namba. Unyevu hivyo hivyo. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali ya kawaida ni usizidi asilimia 20, kwa hiyo tumeliagiza jedwali lipake rangi nyekundu kila kinachovuka hapo. Mnunuzi akija, anaonyeshwa skrini na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo.

Kuna mambo ya kujua mapema. Fomu inataka mtandao. Porini mtu anaandika kwenye daftari, akifika penye mnara anajaza. Jedwali lenyewe unaweza kulifanya lifunguke bila mtandao, ila uwashe hiyo sehemu kwenye simu kabla hujaondoka mjini. Halafu wape watu wengi ruhusa ya kutazama tu, wahariri wawe wawili au watatu. Ikitokea mtu amefuta kitu, msigombane kwenye grupu. Fungua historia ya matoleo kwenye kompyuta, utaona nani alibadilisha na saa ngapi, na utalirudisha jedwali lilivyokuwa jana.

FundiGungu

Naomba niitetee Telegram, maana watu wanaipita haraka. Kwa shida hii ya oda kuzama kwenye salamu, Telegram ina mada ndani ya grupu: unafungua Oda, Malipo, Usafiri, na moja ya salamu na misiba, kila moja na mtiririko wake. Mwanachama mpya, admini akiruhusu, anasoma mazungumzo tangu mwanzo. Na mafaili yanakaa kwenye seva zao. Simu ikiibiwa leo, kesho unaingia kwenye simu nyingine na kila kitu unakikuta. Kwenye WhatsApp, kama hukuwa na nakala rudufu, umeanza upya.

Upande wa pili nao niuseme: mazungumzo ya grupu la Telegram hayajasimbwa kutoka simu hadi simu kama ya WhatsApp, yaani mwenye seva anaweza kuyafungua. Bei na ratiba za basi sioni tatizo kuziweka humo. Picha za vitambulisho na mikataba nisingeweka.

DagaaMwanga

Ahsante FundiGungu, umenifungua macho kwenye hizo mada. Lakini wateja wangu wa Tabora hawapo Telegram, na akina mama wenzangu walio nayo ni wachache. Nikihama nitakuwa na grupu lililopangika lisilo na watu. WhatsApp yenyewe haina namna?

FundiGungu

Ipo. Tumia Jumuiya, zile WhatsApp ilizozileta Novemba 2022. Unakuwa na magrupu kadhaa chini ya paa moja, pamoja na kundi la matangazo ambalo wanaandika admini tu. Bei ya siku iende kwenye matangazo. Oda ziwe na grupu lake, na humo isiandikwe salamu hata siku ya Idi.

> Chini yake watu watatu wanaweka dole gumba

Hili programu haitakusaidia, mnatakiwa kukubaliana wenyewe. Chagueni alama tatu. Jicho maana yake nimeona. Mkono ulioinuliwa maana yake oda hii nimeichukua mimi. Tiki maana yake mzigo umepakiwa. Mkono uwe mmoja tu kwa kila oda. Uzuri wa WhatsApp ni kwamba mtu ana alama moja kwa ujumbe mmoja: akiweka nyingine, ya kwanza inaondoka yenyewe. Kwa hiyo mkono wa yule yule ndio unageuka tiki, na mteja aliye kwenye grupu anaona bila kupiga simu.

Kwa wateja wengine, chukueni namba moja ya kikundi iwe WhatsApp Business. Ni ya bure, na namba hiyo hiyo inafunguka kwenye simu kuu na vifaa vingine hadi vinne. Ina lebo za oda mpya, inayosubiri malipo, iliyolipwa. Akina mama watatu wanaweza kuhudumia mlango mmoja wa wateja, kila mmoja akiwa kwake.

MhasibuKasulu

Mimi natumia Microsoft Teams kila siku kazini. Ni programu nzuri ikiwa ofisi tayari inalipia Microsoft 365. Faili la Excel mnalifungua watu wanne kwa wakati mmoja, mazungumzo yanayolihusu yako pembeni yake, kikao kinawekwa kwenye kalenda na kila mtu anakumbushwa. Waliokuwa wanategemea Skype wanajua ilifungwa Mei 2025 na watu wakaelekezwa huko. Ila dada, kwa simu ulizozitaja itakuwa mzigo. Ni nzito na inakula chaji, na mtu akishasubiri ifunguke mara mbili mara tatu anarudi WhatsApp kimya kimya.

Kwa vikao vya mbali, ulinganisho wa matoleo ya bure ni huu: Zoom inawakatia baada ya dakika 40, Google Meet dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, Teams nayo dakika 60. Kikundi chenu hakihitaji zaidi ya hapo, tena Meet inakuja na akaunti ile ile ya Gmail mtakayotumia kwenye jedwali.

Kijana_Isevya

Slack, ile programu ya maongezi ya kazini, msiiweke hata kwenye orodha. Toleo la bure linakuonyesha mazungumzo ya siku 90 za mwisho, na yaliyopita mwaka yanafutwa kabisa. Ni ya watu wanaoshinda kwenye kompyuta na wanaolipia.

Trello naipenda zaidi kwa kazi yenu: ubao wenye safu za Oda mpya, Inafungashwa, Ipo njiani, Imelipwa, na kadi ya mteja unaisogeza kwa kidole. Toleo la bure linaishia washirika 10 kwa eneo moja la kazi, kwa hiyo wangeingia viongozi na wapakiaji tu.

MzeeUjiji

Wanangu, nimesoma yote. Ninyi mnalinganisha programu na programu, nami nataka kuiweka daftari katika mizani hiyo hiyo. Daftari halidai bando. Umeme ukikatika linasomeka. Na siku ya kugawana faida, mama anataka kuona sahihi yake mwenyewe. Hata mkienda kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, mtaulizwa kumbukumbu za kikundi, na sahihi zina uzito wake.

Ninachoshauri: mhazini aandike kwenye daftari kama kawaida, kisha kila jioni askani ukurasa wa siku hiyo. Programu ya Google Drive kwenye Android ina kamera ya kuskani, inanyoosha ukurasa na kuuhifadhi kama PDF. Faili lipewe jina la tarehe, mwaka ukiwa mbele, yatajipanga yenyewe. Daftari likilowa au likiungua, ushahidi upo.

DagaaMwanga

Shikamoo mzee. Hili nalichukua lilivyo. Mhazini wetu ana mwandiko mzuri na kompyuta haipendi kabisa, sasa hana sababu ya kuachia nafasi yake.

Mlinzi_Tbr

Kabla hamjafungua chochote: akaunti ya Google iwe ya kikundi, isiwe ya katibu. Nimeona kikundi ambacho katibu aliolewa akahamia mkoa mwingine, simu ikabadilika, na jedwali la miaka likabaki kwenye Gmail ambayo hakuna aliyejua nywila yake. Fungueni akaunti ya kikundi, namba ya kurejesha iwe ya mwenyekiti, nywila iandikwe na kufungiwa kwenye kasiki pamoja na kadi ya benki. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe hapo, na kwenye WhatsApp iwekwe ile PIN ya tarakimu sita.

La pili ni kushea. Ukichagua "yeyote mwenye linki", umelitoa jedwali barabarani, maana linki inasambazwa kama vichekesho. Jedwali lenye majina na namba za simu za wateja mpe mtu kwa barua pepe yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na haibagui kampuni kubwa na kikundi cha mtaani. Mteja amekupa namba ili apate dagaa. Hujapewa ruhusa ya kuigawa.

MwalimuKibirizi

Mmeongea mengi kuhusu programu, mimi nizungumzie kujifunza, maana nimeona vikundi vingi vikichagua vizuri na vikakwama hapo.

Semina ya siku nzima yenye projekta haifai. Watu wanatikisa kichwa, wanakunywa soda, kesho hakuna anayekumbuka wapi pa kubonyeza. Kinachofaa ni mtu mmoja kumfundisha mmoja, kwa simu ya mwanafunzi mwenyewe, na kidole kiwe cha mwanafunzi. Ukimshikia simu ukambonyezea, umejifundisha wewe.

Kuhusu muda, fuateni ziwa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika, na mwaloni kunakuwa na nafasi. Hizo ndizo siku zetu za mafunzo, saa moja tu jioni, na jambo moja tu: mwezi huu kujaza fomu, mwezi ujao kusoma jedwali. Anayeelewa kwanza anapewa wawili wa kuwafundisha. Akikwama mtu, aliyefaulu anarekodi skrini yake kwa dakika moja huku akieleza kwa sauti, anaituma. Rekodi ya mama wa jirani aliyefaulu inasikilizwa kuliko video ya mtaalamu, kwa sababu simu ni ile ile na lafudhi ni ile ile.

Wasioandika haraka, waonyeshe kile kipaza sauti kwenye kibodi ya Google. Kinaandika Kiswahili unachokitamka. Kuna mama wa makamo hapa aliyekuwa anatuma voisi za dakika nne kueleza mauzo yake. Sasa anatamka "gunia mbili, Nzega, imelipwa" na inaingia kwenye fomu.

DagaaMwanga

Nimekaa na wenzangu wawili tukasoma uzi wote. Tunaanza hivi: Jumuiya ya WhatsApp yenye grupu la oda peke yake na zile alama tatu, namba ya kikundi kwenye WhatsApp Business, fomu ya Google kwa kila mzigo unaotoka, na daftari la mhazini linaloskaniwa kila jioni. Telegram na Teams tunaziacha kwa sasa. Trello ningependa kuijaribu, lakini vitu hivi vipya kwa wakati mmoja vinatosha. Mafunzo tunasubiri mbalamwezi.

Nimebakiwa na swali kwa AsaliSikonge. Safu ya bei nataka waione wote lakini aibadilishe mwenyekiti tu. Wahariri wetu ni watatu. Inawezekana?

AsaliSikonge

Inawezekana. Fungua jedwali kwenye laptopu, chagua safu nzima ya bei, nenda kwenye menyu ya Data, kuna sehemu ya kulinda eneo. Hapo unaondoa majina yote na kubakisha barua pepe ya mwenyekiti na ya akaunti ya kikundi. Wahariri wengine wataendelea kujaza kwingine kote, na wakigusa bei jedwali litakataa.

Jambo moja tu: usiiweke safu ya bei kwenye ukurasa ule ule ambao majibu ya fomu yanaingia. Fungua ukurasa wa pili ndani ya faili hilo hilo, bei zikae huko, siku yoyote mkiongeza swali kwenye fomu hesabu zenu hazitayumba. Ukikwama, andika hapa hapa, usihamie inboksi, maana nimeona wa Urambo nao wanaufuatilia huu uzi.