Mjadala: Kubadili neno la siri kila mwezi, tunamlinda nani?

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Habari zenu wote. Jambo hili nimekaa nalo moyoni wiki tatu, leo nalileta hapa. Hoja yangu ni moja: ofisi zetu ziache kuwalazimisha wafanyakazi kubadili neno la siri kila siku 30. Utaratibu huu hauzuii wezi. Unachofanya ni kutupa usingizi mzito wakati dirisha liko wazi.

Niliitwa na kampuni moja ya utalii upande wa Njiro. Mgeni wao alikuwa ameshalipa malipo ya awali ya safari ya Serengeti na Ngorongoro, lakini hela haikuingia kwao. Aliyemwandikia alijua tarehe za safari, idadi ya watoto, hata kwamba mama yao hali nyama. Ankara ilikuwa na nembo ya kampuni. Tofauti ni mbili tu: namba ya akaunti ya benki, na herufi moja iliyoongezwa kwenye anwani ya barua pepe. Mgeni aliyeko ng'ambo angeionaje?

Meneja alishangaa kwa dhati. Akaniambia, "Sisi tuko makini, kila tarehe mosi wote tunabadili." Na kweli walikuwa wanabadili. Nikainua kibodi ya dada wa mapokezi, nikakuta karatasi: Meru@07, imekatwa, Meru@08, imekatwa, Meru@09. Simlaumu hata kidogo. Ana neno la siri la barua pepe, la mfumo wa kuhifadhi nafasi, la benki, la kodi, na kila mfumo unadai herufi kubwa, tarakimu na alama. Nani atabuni jipya la maana kila mwezi, yote hayo, na kuyashika kichwani?

Ila mwizi hakuhitaji hiyo karatasi. Miezi kadhaa nyuma mfanyakazi mmoja alibofya kiungo kwenye barua iliyojifanya imetoka kwa mtoa huduma wao, akaandika neno lake la siri kwenye ukurasa wa bandia. Mwizi akaingia mara moja tu. Akaweka agizo ndani ya sanduku la barua: ujumbe wowote unaotaja malipo, nakala iende kwenye anwani yake. Akatoka. Tarehe mosi ikafika, wote wakabadili. Agizo likabaki palepale, na nakala zikaendelea kumfikia. Hakuwa na haja ya kuingia tena.

Na msidhani haya ni ya fundi wa mtaani peke yake. Mazoea haya ya kuchanganya alama na kubadili kila mara yalienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017, akiwa mstaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ikageuza msimamo: usimlazimishe mtu kubadili kwa kufuata kalenda, mlazimishe pale kuna dalili kwamba neno limevuja. Microsoft nayo ikaondoa sharti hilo kwenye mapendekezo yake ya usalama wa Windows mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza maelfu ya akaunti za zamani, wakaona kwamba ukilijua neno la zamani la mtu, basi kwa akaunti kama 17 katika kila 100 utalipata jipya kwa majaribio yasiyofika hata matano. Ukishaijua Meru@08, utahangaika na Meru@09?

Anayepinga aje na sababu.

Mama wa Mikopo, Moshi

Kaka fundi, nimesoma yote na sikubali. Nina ofisi ndogo ya mikopo karibu na Mbuyuni, wafanyakazi sita. Mwaka jana kijana mmoja aliacha kazi kwa ugomvi. Kwa wiki mbili alikuwa anaingia kwenye mfumo wetu akiwa kwake, anasoma majina ya wateja wangu na madeni yao. Kilichomtoa ni nini? Tarehe ya kubadili ilipofika. Hao Wamarekani wana watu wa kulinda mitambo usiku na mchana. Mimi nina mlinzi wa getini. Ukiniondolea hii tarehe, umeniachia nini?

Karani, Moshi

Shikamoo mama. Nachangia kama karani, sehemu nyingine kabisa, si kwako. Sisi watu watatu tunatumia akaunti moja. Likibadilishwa neno la siri, bosi analituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Na katika kundi hilo wamo wawili walioshaacha kazi. Hakuna aliyekumbuka kuwatoa.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Shikamoo mama. Nimekuelewa, na uchungu wako ni wa haki, wale ni wateja wako. Lakini angalia kisa chako kwa jicho jingine. Yule kijana alikaa ndani wiki mbili kwa sababu mlikuwa mnaisubiri tarehe. Angeondoka siku moja baada ya tarehe mosi, angekaa karibu mwezi mzima. Kila mtu akiwa na akaunti yake mwenyewe, anapokabidhi funguo za ofisi na akaunti inafungwa saa ileile, na wale watano wanaobaki hawasumbuliwi. Ukija kuchunguza nani alifanya nini, jina linaonekana. Kwenye akaunti ya pamoja utamhoji nani?

Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mwenye taarifa za wateja azilinde. Majina na madeni ya watu ni dhamana uliyokabidhiwa.

Dada karani, waambie wawatoe leo.

Mwenye stesheneri, Arusha

Mnagombania ufunguo, wakati ugonjwa unaingia na flashi. Njooni mkae kwangu, Barabara ya Sokoine, saa moja tu, wakati wanafunzi wanachapa ripoti za mwisho. Kila flashi imepita kwenye mashine kumi za watu. Mtoto anachomeka, mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato, analia. Jirani anamwambia, "Piga formati." Anapiga, na kazi ya mwaka mzima inapotea. Mafaili yake hayakuwa yamefutwa! Kirusi kiliyaficha tu, na kuyafichua ni kazi ya dakika mbili. Nimeshuhudia hili mara nyingi mno, na linaniuma kila mara, maana kilichoharibu kazi ya mtoto si kirusi, ni ile dawa aliyopewa.

La pili, Windows za bure tunazowekeana. Ile programu ya kuvunja leseni inakwambia kwanza uzime kinga ya virusi, ndipo uisakinishe. Tunazima! Tunamfungulia mlango mtu tusiyemjua kwa sababu ametuomba tufungue. Kisha tunazima na masasisho, na hapa sitamlaumu mtu, bando ni ghali na sasisho moja linaweza kulimaliza lote. Lakini kumbukeni WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, Mei 2017. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Rekebisho la tundu la Windows kilimopitia lilikuwa limeshatolewa tangu Machi. Miezi miwili! Aliyesasisha alipona. Na Windows 10 yenyewe Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali ndiyo iliyojaa kwenye ofisi zetu.

Kwa hiyo fundi, nakuunga mkono, ila umeanzia mbali. Ungeanza na flashi na masasisho.

Mkaguzi, Arusha

Naomba nisahihishe kitu, maana watu wataondoka hapa na nusu ya habari. Hoteli au kampuni ya safari inayopokea kadi za benki inabanwa na viwango vya PCI DSS, vile vya kimataifa vya kulinda taarifa za kadi. Huko, kama neno la siri ndilo kinga pekee, linatakiwa kubadilishwa angalau kila siku 90, isipokuwa mfumo uwe unapima usalama wa akaunti muda wote. Nikikagua nikakuta hakuna, naandika dosari. Siwezi kuandika kwamba fundi wa Kaloleni amesema.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Mkaguzi, asante, na hapo nakubali. Lakini lisome tena sharti lenyewe: kama neno la siri ndilo kinga *pekee*. Ukiongeza hatua ya pili, ile ya kuthibitisha kwa simu kila unapoingia, sharti la siku 90 halikubani tena. Ninachodai ni kwamba nguvu tunayoipoteza tarehe mosi tuihamishie hapo. Nawaomba wakaguzi mtusaidie kwa hili: mkikuta ofisi inabadili kila mwezi, msiweke alama ya vema mkaondoka. Ulizeni mara ya mwisho ni lini mtu alifungua mipangilio ya barua pepe akaangalia nakala zinakwenda wapi.

Ndugu yangu wa stesheneri, la flashi ni kweli tupu. Nami nilipoanza kazi nilikuwa napiga formati kwa kila tatizo, mpaka mwalimu mmoja aliponiletea mashine yenye alama za wanafunzi wake nikazifuta. Siku ile sijaisahau.

Wale wa Njiro wameshaondoa lile agizo, na sasa kila ankara ina mstari wa wino mwekundu: namba yetu ya akaunti haibadiliki kwa barua pepe, ukiona imebadilika tupigie. Hatua ya pili ya kuingia imewekwa kwa watu wanne kati ya tisa. Ila tarehe mosi meneja bado anaing'ang'ania. Nimeahidi kurudi Alhamisi.

Mama wa Mikopo, Moshi

Marahaba, mwanangu. Bado moyo wangu haujatulia kuiacha tarehe, nisikudanganye. Lakini nimehesabu jioni hii: nina wafanyakazi sita na akaunti mbili. Alhamisi ukimaliza Njiro, panda gari uje Moshi. Hizo nne zilizobaki utanitengenezea kwa shilingi ngapi?