Kisima cha mafuta baharini: maji ya bahari huzuiwaje kuingia, na gesi isilipuke?

Baraza_Lamu:
Assalamu alaikum jamaa. Kila yakizungumzwa mafuta ya bonde la Lamu, pwani ya Kenya, twakwama papo hapo. Wengine wasema chini kuna ziwa, ukilitoboa linaruka juu. Naomba wajuzi mnieleze: mwamba wa maelfu ya mita hutobolewa vipi? Mbona bahari haijai shimoni? Na visima vilivyochimbwa Dodori na Pate, kwa nini viliachwa?

FundiTope:
Waalaikum salaam. Ziwa hakuna. Mafuta yamo ndani ya vitundu vidogo vya jiwe la mchanga au la chokaa, kama maji yalivyonyonywa na tofali la matumbawe. Juu yake pawe na mwamba usiopenyeza, la sivyo yangalipanda na kupotea zamani sana.

Siku hizi huchimbwa kwa kuzungusha. Mabomba ya takriban mita 9 kila moja huungwa kwa skrubu na kuning'inizwa kwenye mnara. Mwisho wake chini kuna kekee, na juu ya kekee mabomba mazito yenye kuta nene. Uzito wa haya ndio unaoikandamiza kekee. Yale membamba ya juu lazima yabaki yamevutwa. Yakibebeshwa mzigo huo hupinda na kukatika. Kekee ya magurudumu yenye meno huponda mwamba, ile ya vipande vya almasi ya kutengenezwa huukwangua.

Lakini roho ya kisima ni tope: maji, udongo wa bentoniti, na unga wa bariti wa kuongeza uzito. Hupigwa pampu kupitia ndani ya mabomba, hutokea kwenye matundu ya kekee, hurudi juu kwa nje likibeba vipande vya mwamba, huchekechwa na kurudishwa tena. Lapoza kekee na lazuia gesi. Tope la kilo 1.2 kwa lita, kwenye kina cha mita 3,000, hukandamiza kilo 360 kwa kila sentimita mraba. Likiwa jepesi mno, gesi huingia shimoni. Likizidi uzito, mwamba hupasuka na tope lote hutorokea humo.

Ndiyo maana kisima huvishwa bomba la chuma kwa hatua, kwa mfano la upana wa inchi 20, kisha 13⅜, 9⅝, mwisho 7. Saruji husukumwa chini kupitia ndani ya bomba ipande kwa nje, kati ya chuma na mwamba. Isubiriwe igande, ijaribiwe kwa mgandamizo, ndipo uendelee. Baharini, sehemu ya juu ikishavishwa, bomba pana huunganisha kisima na chombo kinachoelea, na tope hupanda ndani yake. Bahari imebaki nje.

Kina_Kirefu:
Niongeze panapoua watu. Ukiona kiwango cha tope kwenye tangi chapanda, au umezima pampu na kisima bado chatoka, gesi imeshaingia. Funga vali za kuzuia mlipuko hapo hapo, usingoje kuthibitisha. Kisha soma mgandamizo ndani ya mabomba ya kuchimbia. Kwenye mfano wa hapo juu, ukisoma kilo 36 kwa sentimita mraba, tope laongezwa kilo 0.12 kwa lita, yaani 1.32, na gesi hutolewa polepole kupitia vali nyembamba. Ukiiacha ipande ndani ya kisima kilichofungwa, haipati nafasi ya kutanuka. Hupanda na mgandamizo wake na kupasua mwamba wa juu.

Mara nyingi chanzo ni kuvuta mabomba haraka: hufyonza kama pistoni. Au watu husahau kujazia tope mabomba yanapotoka. Kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, kililipuka 20 Aprili 2010 kikaua watu 11. Saruji haikuziba, na jaribio la mgandamizo lilisomwa vibaya.

Mwamba_na_Maji:
Kuhusu aina za uchimbaji: Drake, huko Pennsylvania, Marekani, 1859, alifikia mafuta kwenye mita 21 hivi kwa kudundisha patasi nzito. Mbinu hiyo bado hutumika kwa visima vya maji. Siku hizi kuna pia kuchimba kwa kupinda: mota ndogo inayozungushwa na tope lenyewe hulaza kisima kifuate tabaka la mafuta. Baharini, rigi ya miguu, yaani jukwaa la kuchimbia linalosimama juu ya sakafu ya bahari, hufaa hadi kama mita 120 za maji. Zaidi ya hapo ni meli au jukwaa linaloelea.

Dodori na Pate havikupata kiasi cha kulipa gharama. Hata visima vya baharini: Mbawa, 2012, kilipata gesi, na Sunbird, 2014, gesi na mafuta, lakini si ya kibiashara. Kisima cha aina hiyo huzibwa kwa vizibo vya saruji ndani ya bomba.

Baraza_Lamu:
Shukrani. Na kinachofaulu, mbona baadaye hutoa maji?

Mwamba_na_Maji:
Bomba la mwisho hutobolewa kwa baruti kwenye tabaka la mafuta. Chini ya mafuta kuna maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda kama pia iliyopinduliwa hadi matunduni. Kisima cha maji cha Shela, hapo Lamu, ukikifyonza kwa pampu kubwa, maji matamu hugeuka chumvi kwa njia iyo hiyo. Dawa ni kutoboa matundu juu zaidi na kupunguza kasi.