Yule fundi wa "muziki nyumba nzima" hapa Kisumu leo amenimaliza

Naandika nikiwa nimesimama, kwa hasira. Yule fundi. Mnamjua, anayeita kila mtu "mkubwa".

Alinijia na maneno matamu: "Mkubwa, achana na maisha ya waya. Simu moja tu, nyumba nzima inaimba. Wimbo unauanzia sebuleni, unaumalizia chooni." Nikalainika. Elfu thelathini na tano, spika tano, moja ya choo. Hiyo "bila waya" yenyewe kila spika ina waya wake wa stima, nyumba imejaa ekstensheni kama saiba.

Sasa leo jioni. Mama mkwe, kutoka Mumias, amekanyaga kwangu mara ya kwanza. Wenye mila mnaelewa, mimi na yeye hata mkono hatupeani. Amekunywa chai, akaonyeshwa choo. Huku sebuleni mzee wa kanisa ameanza maombi, macho tumefumba. Mara choo kikasema, kwa sauti ya yule dada wa Kizungu, kwamba kifaa kimeunganishwa.

Mama mkwe akajibu. AKAJIBU! "Nani huyo?"

Kabla hajajibiwa, ohangla, ule muziki wa Kijaluo. Jikoni, vyumbani, chooni, na ya sebuleni ikifuata nyuma kidogo, ngoma inajigonga yenyewe. Nazima moja, nne zinaendelea. Ya choo nitaizimaje na mama mkwe yumo? Nikashusha swichi kubwa. Sasa yuko gizani na bado anauliza nani huyo.

Kumbe akaunti ilifunguliwa kwa simu ya fundi! Yuko zake kwa kinyozi anachagua nyimbo, zinalia kwangu Mamboleo. Nampigia, ananiambia, "Mkubwa, si unaona inashika hata ukiwa mbali?"

Omena_Kavu: Rudia hapo choo kiliposema.

NyarKondele: "Nani huyo?" 😂😂 Nimemwaga uji.

Mzee_Kijana: Elfu 35 ili uimbiwe ukiwa umechuchumaa. Na karo umelipa?

Mwanzilishi: Karo imeingiaje hapa? Nimesema ALIJIBU.

Soda_ya_Moto: Ndugu, uliuziwa mbuzi kwenye gunia. Bluetooth ni ya mita kumi hivi, na ukuta ukiingia kati inapungua. Nyumba nzima inataka Wi-Fi, na hizi kuta zetu za mawe zinaimeza ile Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, ya 2.4 ndiyo hupenya vizuri. Sonos, wale wa spika, walianza hiyo kazi 2002 huko California, kwa watu wa nyumba za mbao. Halafu ukiwekewa kitu, akaunti fungua mwenyewe, na nywila usimpe mtu.

Mwanzilishi: Mimi sijauliza habari za mawe. Mtu ameongea na choo!

NyarKondele: Choo ndicho kilianza. Yeye alikuwa na adabu tu.

Jirani_Nyalenda: Wewe unalia na spika tano? Mimi nina mfumo wa nyumba nzima wa bure, kanisa la jirani. Kesha la Ijumaa linafika mpaka ndani ya sufuria. Hakuna nywila, hakuna swichi.

Omena_Kavu: Heri kanisa. Mimi niko ukuta mmoja na kinu cha kusaga mahindi.

Baba_Mapacha: Mimi yangu ni ya video. Nimeweka runinga chumbani nipate mechi kwa intaneti. Siku ya Mashemeji, Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards), jirani ana redio ya betri. Anapiga ukelele wa bao, mimi kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja! Nikabaki nangoja bao ambalo nimeshalisikia, kama mtu anayengoja kuchapwa.

Ingwe_Damu: Lilikuwa bao letu, basi hukukosa kitu.

Mzee_Kijana: Bao lenu? Nyinyi na bao mnajuana wapi?

Mwanzilishi: Jamani, turudi kwa fundi. Mama mkwe amefunga mfuko wake, anataka gari ya Mumias usiku huu huu.

Soda_ya_Moto: Na hiyo ya choo, waya wake wa stima usikaribie maji.

Jirani_Nyalenda: Naomba namba ya fundi. Nataka nilipe kanisa kisasi.

Ingwe_Damu: Mzee_Kijana usikimbie. Taja refa wa hiyo mechi.

Mzee_Kijana: Mwanzilishi, hebu kaa kando kidogo. Wewe wa Ingwe, njoo hapa.