Wachezaji wangu wanataka nimtoe kipa kwa maneno ya barazani. Nifanye nini?

Filimbi_Moja (mleta uzi)

Asalaam aleikum wana jamvi.

Mie ni kocha wa timu ya mtaa hapa Chake Chake. Si timu kubwa, ni vijana wa miaka 18 hadi ishirini na kitu. Mchana niko dukani nauza waya na balbu, baada ya Alasiri niko uwanjani. Nna filimbi moja na mipira minne, mmoja una kiraka.

Nna kipa wa miaka 20. Mrefu, mkimya, akidaka kona utasema anachuma embe. Wiki tatu nyuma tulikuwa kibandani tunaangalia mechi ya Uingereza. Katika mapumziko mtu akaleta habari ya Sam Morsy, aliyekuwa nahodha wa Ipswich, yule aliyekataa kuvaa kitambaa cha mkononi cha upinde wa mvua, ile alama ya kuwaunga mkono mashoga, Desemba 2024. Kibanda kizima kikapiga makofi. Kipa wangu hakupiga, alikuwa anamenya karanga. Basi, kosa lake ndiyo hilo, jengine silijui.

Kesho yake barazani ishakuwa habari. Mara anapaka sana mafuta mikono, mara hana mchumba, mara alifanya kazi hotelini Nungwi miaka miwili, nani anajua alikuwa akifanya nini na wageni. Sasa nahodha na mabeki wawili wamenijia: ama yeye ama sisi. Wanasema hawawezi kubadilisha nguo naye chumba kimoja. Na chumba chenyewe ni chini ya mwembe.

Mtu wa kamati kaniambia nimtoe kimya kimya, niseme kaumia bega. Sijamuuliza mwenyewe. Nimuulize? Jumapili ya wiki ijayo tuna fainali ya kugombea mbuzi. Nawaombeni ushauri, matusi sitaki.

Mtoto_wa_Wete

Mtoe. Makipa wamejaa. Timu ikishasemwa hairudi jina lake, hata wazazi watakataza watoto wao kuja mazoezini.

Karafuu_Mbichi

Kwanza mbuzi ana kilo ngapi? Tusishauri bure.

Simba_wa_Konde

Haya mambo tunaletewa. Kombe la Dunia Qatar 2022 Wazungu walitaka kuwavalisha manahodha kitambaa chao, FIFA ikawaambia atakayevaa atapewa kadi ya njano, wakaufyata. Idrissa Gueye mwaka huo huo alikosa mechi ya PSG na Montpellier kwa sababu ya jezi zenye rangi hizo, na Macky Sall, rais wa nchi yake Senegal wakati ule, akamtetea. Mpira ni mpira. Ukimwachia huyo mmoja, kesho utaletewa na kitambaa.

Ustadhi_Tibirinzi

Simba, Gueye alikataa kuvaa jezi yeye mwenyewe. Hakwenda kumwambia kocha kuwa fulani atolewe timuni kwa kuwa anamenya karanga. Hizo kesi mbili usizifunge kamba moja.

Mleta uzi, nitakwambia ninavyojua. Hukumu ya kitendo inajulikana na hapa si pahala pa kuijadili. Lakini wewe hukuleta kitendo, umeleta maneno. Na maneno haya yana hukumu yake pia, ila hiyo hatupendi kuisoma. Suratun Nur aya ya 4: wanaowasingizia wanawake watahirifu kisha wasilete mashahidi wanne, wapigwe mijeledi 80, na ushahidi wao usikubaliwe tena. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitia humo na tuhuma ya mwanamume kufanya liwati. Nahodha wako ana mashahidi wangapi? Na hao mabeki?

Kisha Hujurat aya ya 12, "wala msipelelezane". Hii tuliihifadhi chuoni tukiwa wadogo, mwalimu ana bakora mkononi. Tumekuwa wakubwa tunaisoma kwenye hitima tu.

Mzee_wa_Bao

Mie nilikuwa Unguja mwaka 2006. Wakati ule Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu, walisimama kupinga sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Mji Mkongwe Septemba 1946, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara. Sherehe ikavunjwa. Na mwenyewe kafa tangu 1991! Tulikuwa tunagombana na mtu aliyekwishakufa miaka 15.

Leo pita Shangani uone foleni ya watalii wanapigwa picha mlangoni pa nyumba inayosemwa ni yake. Mwenye teksi anachukua chake, mwenye urojo anachukua chake, hakuna anayeuliza marehemu alilala na nani. Sisemi haya kumtetea, nna miaka 71 na swala sijaacha. Nasema tunachagua sana wa kumkasirikia. Aliyeleta dola tunamfunika. Mtoto wa mjane asiye na ami wa kumsemea ndiye tunayemvua nguo barazani.

Sheria_Kwanza

Kocha, usimuulize. Narudia, usimuulize. Akikujibu "hapana", nani atamuamini? Akikujibu "ndiyo", utafanya nini na jibu hilo? Zanzibar adhabu yake ni kifungo cha miaka mingi, tangu Baraza la Wawakilishi lilipoikaza sheria mwaka 2004, na Sheria ya Adhabu ya 2018 haikuiondoa. Ukishajua utakuwa umebeba kitu ambacho hujui pa kukiweka, na yeye utamuweka mikononi mwa yeyote atakayegombana nawe.

Jengine, hariri andiko lako. Umetaja Chake, Nungwi, umri, fainali ya mbuzi. Pemba ni ndogo. Watu watatu wakikaa wameshajua ni nani.

Baridi_Tele

Niko Uingereza mwaka wa 14. Msidhani huku wameshamaliza, uwanjani nimesikia matusi yale yale kwa lafudhi nyengine. Ila kuna kisa kimoja nataka kocha akijue, kwa kuwa kinamhusu kocha.

Justin Fashanu, baba yake Mnigeria, alinunuliwa na Nottingham Forest mwaka 1981 kwa pauni milioni 1. Mchezaji mweusi wa kwanza huku kufikia bei hiyo. Forest ilikuwa imetoka kuchukua Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980, na kocha alikuwa Brian Clough. Clough akasikia maneno kuwa kijana anakwenda kwenye baa za mashoga. Akamuita, akamtolea maneno, kisha akamkataza kufanya mazoezi na wenzake. Mshambuliaji wa milioni moja! Tangu hapo hakutulia, akawa anahama klabu hii kwenda ile. Mwaka 1990 akajitangaza gazetini mwenyewe, na John, ndugu yake wa tumbo moja, naye mchezaji, akamkana hadharani. Mei 1998 akajiua hapa London, ana miaka 37, akiwa ametuhumiwa kesi nzito huko Marekani. Tuhuma hiyo haikufika mahakamani, na mie simsafishi wala simhukumu.

Tangu alipojitangaza ikapita miaka zaidi ya 30 hakuna mchezaji wa kulipwa wa kiume huku, akiwa bado anacheza, aliyethubutu kusema, mpaka Jake Daniels wa Blackpool mwaka 2022, mtoto wa miaka 17. Clough mwenyewe alikuja kukiri kuwa hakumtendea vizuri. Lakini alikiri wakati gani?

Mtoto_wa_Wete

Sasa Nottingham na Chake wapi na wapi.

Binti_Mkoani

Mie nimekuja kwa neno moja. Hili neno "shoga" ni letu wanawake. Shoga yangu ndiye ninayempelekea ufunguo wa nyumba nikisafiri, ndiye aliyenisitiri nilipojifungua na mume yuko Mombasa. Nna mashoga watano, na hakuna hata mmoja aliyenigharimu kifungo. Nyie wanaume mmelichukua mkalifanya jiwe la kurushiana. Siku hizi hata kumwita mwenzangu "shoga" sokoni nageuka kwanza kuangalia nani anasikia.

Kaka kocha, na kunradhi kama nakosea. Mie nnaye mdogo wangu anacheza, huwa nakwenda kumpelekea maji uwanjani. Makocha wote niliowasikia, kijana akikosa mpira, hufokewa neno hilo hilo au lile la h. Weye huwa unafokaje?

Karafuu_Mbichi

Hapo pana moto. Mbuzi nimemsamehe.

Filimbi_Moja (mleta uzi)

Ahsanteni nyote, na ulonishauri kuhariri, nimejaribu, jukwaa linakataa muda umepita. Nimewaandikia wasimamizi.

Binti Mkoani, swali lako limenilaza macho siku mbili.

Jana nilikwenda kwao kipa, maana siku nne haji mazoezini. Mama yake yuko uani juu ya jamvi anachambua karafuu, vidole vyeusi vya utomvu, kikonyo huku, karafuu huku, hata hakuinua macho. Akaniambia mwanangu kaa. Kijana yumo ndani na hakutoka. Akanitengenezea chai, akarudi kwenye karafuu zake. Kisha akaniuliza, taratibu tu: "Kocha, neno hili nani wa mwanzo kumwambia mwanangu?"

Nikaanza kusema ni watu wa kibandani. Kumbe kijana anasikiliza. Akasema kutoka ndani, "Mama, wa mwanzo ni kocha. Mechi na wale wa Machomanne, nilipotema mpira."

Na ni kweli. Mwezi mmoja kabla ya karanga. Penalti ilipigwa dhaifu, akautema, wakafunga. Nilimfokea mbele ya wote kuwa anadaka kama hanithi. Nilishasahau, kwangu ilikuwa kelele za mpira. Nahodha hakusahau. Nadhani kibandani hakubuni kitu, alichukua nilichokiacha.

Mama hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alinisukumia kikombe, akasema, "Kunywa, inapoa."

Kwa hivyo swali langu la mwanzo nalifuta, kijana hatoki kwa mkono wangu. Kama nahodha na mabeki wanataka kuondoka, jezi warudishe zimefuliwa. Swali la sasa: namuombaje radhi? Kwao nyumbani nimeshaomba, kanijibu "sawa kocha", na "sawa" ile naijua. Nimwite pembeni? Nimpelekee mzee wa mtaa?

Mzee_wa_Bao

Ulimfokea pembeni?

Ustadhi_Tibirinzi

Mzee kamaliza. Chini ya mwembe huo huo, wote wamekaa, nahodha yupo. Usihutubie. Taja mechi, taja neno, sema umekosea. Wala usimtaje kijana yukoje au hayukoje, ukifika hapo utakuwa umeanza upya.

Simba_wa_Konde

Mie msimamo wangu juu ya vitambaa uko pale pale. Lakini hili la penalti ulikosea, kocha. Kipa hufokewa kwa mikono yake.

Filimbi_Moja (mleta uzi)

Leo saa kumi na nusu nawakusanya. Nahodha kashanitumia ujumbe anauliza kuna nini, nimemwambia aje tu. Kipa sijui kama atakuja. Mama yake kasema atamtuma alete glavu za timu.