Kufunga mtaa kwa turubai: ujirani au ubabe?

Mleta mada, Kigogo, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Hili nilitaka kulileta wiki iliyopita, nikaona bora hasira ipungue kwanza.

Ijumaa narudi kazini saa mbili kasoro usiku, nakuta mtaa umefungwa. Maturubai matatu yameungwa, kuanzia kwa muuza mkaa hadi kona ya msikiti. Viti vimejaa, spika zimebebana hadi zinapita paa, na kamba moja ya turubai imefungwa kwenye nondo za dirisha langu la chumbani. Hakuna aliyetuuliza. Mke wangu anasema alisikia kugongwagongwa akadhani mgeni, kuchungulia anamwona kijana anakaza fundo. "Samahani mama, kesho tunafungua." Ikawa hivyo. Kila upepo ukivuta, dirisha linalia kama mlango wa jela.

Shughuli ilikuwa ya kumtoa mwali. Sina ubaya na mwali, na hao ni majirani zangu, tumekula chumvi pamoja miaka kumi na moja. Nikaweka pamba masikioni nikalala, kama mtu anaweza kuita kule kulala.

Saa saba usiku mpangaji wa nyumba ya tatu akashikwa na uchungu. Mumewe akaita bajaji. Bajaji ikafika pale kona ikasimama, taa zinapiga migongoni mwa watu. Kulia mfereji, kushoto viti, katikati wanacheza. Dereva anapiga honi, kwa yale maspika ni kazi bure. Yule kijana akaingia katikati ya watu akimtafuta DJ, wenzake wakadhani anakuja kutuza.

Mama mmoja ndiye aliyemsoma usoni. Akamnyang'anya MC maiki, muziki ukakatwa. Halafu wanawake wale wale wenye sare, zaidi ya kumi, wakaenda kumchukua mgonjwa ndani. Wawili wamemshika kiuno, mmoja kabeba beseni na khanga, wengine wanasogeza viti. Wakampitisha chini ya turubai hadi kwenye bajaji na mmoja akapanda naye, na vipodozi vyake usoni. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Muziki ukarudi kabla bajaji haijafika lami.

Tangu siku hiyo nimekwama. Waliofunga njia ndio waliomvusha. Swali langu kwenu: je, serikali za mitaa ziache kabisa kuruhusu njia kufungwa kwa shughuli? Msimamo wangu ni kwamba watu wafanye shughuli zao, lakini upana wa bajaji uachwe wazi muda wote. Turubai likae upande mmoja. Naombeni maoni, matusi wekeni akiba.

Mama wa Mbagala

Kaka, umejijibu mwenyewe. Ungekuwa mtaa wa mageti, huyo binti angeshikwa kiuno na nani? Angelia ndani peke yake, majirani wanaongeza sauti ya runinga.

Halafu mwambieni huyu ukumbi unakodishwa bei gani siku hizi. Ukimaliza ukumbi kuna mapambo, kuna usafiri wa wageni, na chakula wanataka wakupikie wao. Mimi nimeoza mabinti wawili chini ya turubai, ubwabwa umeliwa na watoto wa mtaa mzima hadi wa mtaa wa pili. Huo ukumbi ungewaruhusu waingie? Na siku ukifiwa, kaka yangu, watu utawaweka wapi? Sebuleni kwako penye makochi mawili?

Mleta mada

Mama shikamoo. Msiba sikuugusa. Msiba haupangi tarehe, na hata mwenye gari anazima injini anasukuma. Mwali mmemwandaa miezi, sare mmeshona, kadi za mchango mmetembeza hadi kwangu na nimechanga. Ila hilo la kuja kuniambia "jirani, Ijumaa tutaziba hapa" ndilo mlilolikosea nafasi.

Wa Tandika

Kumbe alichanga hakualikwa. Tuendelee.

Dereva wa bajaji

Naomba niseme kwa niaba ya sisi wa usiku. Jumamosi Dar hii ukitoka Manzese kwenda Mabibo kwa njia za ndani unaweza kukutana na maturubai manne. Abiria anajua nauli tuliyokubaliana, hajui kwamba nazunguka. Nikimwambia aongeze, mimi mwizi. Nikimshusha kwenye turubai atembee, mimi sina utu. Na ukijaribu kupenya, vijana wanapiga bodi na makofi.

Mjamzito nimeshabeba mara mbili. Nawaza moto. Ukipiga 114, gari la Zimamoto linatoka, sasa litapita wapi? Lile halisogezi viti.

Mjumbe wa serikali ya mtaa

Nazungumzia mtaa wangu tu, mingine siijui. Mwenye shughuli anakuja ofisini na barua, tunamwandikia yetu, anaipeleka polisi. Kwenye barua tunaandika mwisho saa sita usiku na njia isizibwe. Tunaandika kila mara. Sasa saa sita na nusu nani aende kuzima? Mimi mama wa miaka hamsini na nne niende kwa vijana wenye spika nane? Niliwahi. MC alinitangaza kwenye maiki: "Mjumbe wetu amefika, apewe kiti na soda." Nikapewa kiti na soda, muziki ukaendelea.

Vigodoro, hizi ngoma za kukesha mtaani, vimepigwa marufuku na wakubwa kuliko mimi, tena mara nyingi. Vinahama mtaa, vikisikia kimya vinarudi.

Wa Mji wa Kale, Mombasa

Salaam aleikum. Huku kwetu vichochoro vyenyewe gari haliingii, sana ni pikipiki na mkokoteni, kwa hivyo la kufunga njia halitusumbui sana. Siku ya harusi sufuria za biriani huwekwa uchochoroni, na ukitaka kupita utapita ubavuubavu, utasalimu, na pengine utatoka na sahani. Kelele ndizo hutumaliza.

Sheria tunayo. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zasema usiku huanza saa mbili na dakika moja, na kwenye makazi kiwango hushuka hadi desibeli 35. Watu wawili wakizungumza kawaida hufika kama 60. Yaani kwa kanuni hiyo hata vigelegele ni kosa. Ndiyo maana hakuna anayeifuata: imewekwa chini mno, binadamu wa pwani hafiki huko hata akinong'ona.

Mjumbe wa serikali ya mtaa

Zetu ni za 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wenye mashine ya kupimia, na baa kadhaa wameshazifungia. Ofisi ya mtaa ina muhuri na meza.

Wa Mbweni

Ndiyo maana wengine tulinunua viwanja vilivyopimwa. Pole sana mleta mada.

Mzee wa Magomeni

Kijana wa Mbweni, taratibu. Viwanja vyenu vilitoka kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, na humo mlichorewa barabara na maeneo ya wazi kabla hamjaweka tofali. Kigogo, Manzese, Tandale watu walijenga kwanza, mpimaji akaja baadaye akakuta hakuna pa kupitisha kamba. Pale palipokuwa na kiwanja cha mpira pana fremu za maduka leo. Mimi nimeolea kwenye uwanja, miaka ya sabini, hakuna aliyezungushwa. Uwanja ule sasa una ghorofa. Sasa shughuli ikikosa uwanja inashukia wapi? Inashukia njiani, kwa sababu njia ndiyo sehemu pekee ya wazi iliyobaki isiyo na hati ya mtu. Mnawagombanisha majirani kwa kitu walichoibiwa wote.

Na nyie wa mageti mna yenu. Kuna mtu huko kwenu anapaki gari mbili nje ya ukuta wake siku 365 na hakuna anayemwita mbabe.

Maalim

Njia ina haki yake, hili si jambo la manispaa peke yake. Mtume aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema hawana pengine pa kukaa na kuzungumza, hakuwafukuza. Aliwaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tazameni, jibu lao ni lile lile la mzee wa Magomeni, kwamba hatuna pengine. Udhuru ulisikilizwa, lakini udhia haukuruhusiwa. Nawaambia hata wenzangu wa maulidi, maana na sisi tunafunga njia na spika zetu si ndogo.

Fundi maturubai

Mimi nafunga hayo maturubai, mwaka wa tisa huu. Kamba ya dirishani naomba radhi kwa niaba ya wenzangu, ila mjue sababu. Kigingi kinataka udongo. Njia ikiwekwa lami au zege huwezi kupigilia, ukitoboa utadaiwa. Wenye mtaji wanakuja na ndoo za zege za kufungia kamba, sisi wengine tunatafuta nguzo, mti, nondo. Dirisha ni la mwisho.

Wateja hawataki turubai dogo. Nikimwambia mama hapa litatosha la mita tatu, tuache njia, ananiuliza kama namdharau. Anataka lishike ukuta kwa ukuta, picha zionyeshe limejaa. Hiyo ndiyo biashara, sikufichi.

Likiwekwa upande mmoja linawezekana kabisa. Bajaji ina upana kama mita moja na sentimita thelathini. Pima njia yako, toa tatu, uone kinachobaki.

Mama wa Mbagala

Fundi umenena. Ila na nyinyi mje na hizo ndoo.

Mleta mada

Wakuu, nimesoma yote, na mzee wa Magomeni amenipa la kuwaza. Sasa nikiri jambo ambalo sikulisema mwanzo. Jumapili ijayo ni arobaini ya mama mkwe wangu. Wageni wanatoka Tanga na Kilosa. Ndugu wa mke wangu walishasema turubai lisimame pale pale, ukuta kwa ukuta, na mimi nikawaambia nina masharti yangu. Shemeji akacheka.

Baada ya kusoma maelezo ya fundi nikatoka na futi kamba saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajanishangaa. Kutoka ukuta wangu hadi ukingo wa mfereji ni mita nne na sentimita ishirini. Nikitoa tatu za turubai inabaki mita moja na ishirini. Sentimita kumi zimepungua. Nimepima mara tatu, mara ya mwisho mtoto wa muuza mkaa amenishikia upande wa pili.

Fundi, nakuuliza wewe. Nguzo za upande wa mbali zinaweza kuvuka mfereji zikakae kwenye kibaraza cha nyumba inayotazamana na yangu? Kibaraza kina udongo, kigingi kitaingia. Shida ni kwamba hiyo nyumba ndiyo ya mwenye mwali, na tangu ile Ijumaa salamu yetu imekuwa ya kichwa tu.

Fundi maturubai

Zinavuka. Kamuombe kwanza.