Isotretinoini wakati wa korona: niendelee au nisimame?

Swali: Habari wakuu. Natumia isotretinoini miligramu 20 kwa siku kwa ajili ya chunusi. Je, inashusha kinga? Na nikiambukizwa?

Jibu la 1: Endelea, dada. Isotretinoini ni jamii ya vitamini A. Haihesabiwi kati ya dawa za kushusha kinga. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta, maana tumbo tupu hunyonya kidogo tu. Shida ni ukavu: pua hupasuka na kutoa damu, halafu mkono unaenda puani kila mara. Paka vaselini kidogo ndani ya tundu za pua asubuhi na usiku.

Jibu la 2: Hapa ndipo watu wanapokosea. Ukiugua, mtu anaweza kukuandikia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria (antibiotiki). USICHANGANYE! Zikiwa pamoja zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu: kichwa kinauma sana, unatapika, macho yanaona ukungu. Mwonyeshe daktari pakiti yako kabla hajaandika chochote. Parasetamoli ya homa sawa, usizidishe gramu 4 kwa siku. Kama vipimo vya ini vimepanda, uliza kwanza.

Jibu la 3: Kliniki ikifungwa, usiruke kipimo cha mimba cha kila mwezi. Dawa hii huharibu mtoto tumboni. Uzazi wa mpango uendelee hadi mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Vipimo vya ini na mafuta ya damu, panga tarehe na daktari kwa simu.